Nilijua ni hadithi ya kasa, kumbe kofia

Niseme ukweli kabla sijaanza, hii filamu niliichagua kwa kukosea. Ilikuwa Februari 2024, namalizia mwaka wa kwanza chuo cha animesheni hapa Tokyo, sensei, yani mwalimu wetu, akabandika ukutani orodha ya hadithi za kale za Kijapani, kila mwanafunzi aandike jina lake pembeni ya moja, ndo hiyo atakayoitolea filamu fupi ya kumalizia chuo. Kijapani changu wakati huo kilikuwa cha kununulia mkate tu. Macho yakapita pita mpaka yakagota kwenye "Kasa Jizo". Sasa mtu wa Tanga unaona neno kasa unaachaje? Nikaandika jina mbio mbio asije akaniwahi mtu, kichwani nishaona bahari, nishamuona kasa anapanda ufukweni usiku kutaga mayai, nishaanza mpaka kupanga rangi.

Kumbe kasa kwa Kijapani ni kofia pana ya majani, ile ya kujikinga mvua na theluji. Kasa wetu wa baharini wao wanamwita kame, na hadithi yake ipo, ya mvuvi Urashima Taro aliyemwokoa kasa akapelekwa jumba la chini ya bahari, kurudi kijijini kwake anakuta hakuna anayemjua, miaka 300 imepita. Hiyo ilishachukuliwa na dada mmoja aliyekaa mstari wa mbele. Nikamwomba tubadilishane akacheka sana, akakataa.

Basi nikabaki na kofia. Hadithi yenyewe ni fupi mno na hapo ndo palipoanzia matatizo yangu yote. Mzee na mkewe maskini, mwisho wa mwaka umefika ndani hakuna kitu, hata mochi hakuna, ule mchele wa kutwanga ambao Mjapani bila huo haoni kama mwaka umegeuka. Mzee anabeba kofia tano anaenda mjini kuuza, hauzi hata moja. Anarudi theluji inamwagika, njiani anakuta Jizo sita wamejipanga. Jizo ni sanamu za mawe, kwa Wabudha ndo mlinzi wa wasafiri na watoto, ukipita karibu na mahekalu yao na makaburini utawaona wamefungwa vitambaa vyekundu kifuani, na mara nyingi wanawekwa sita. Mzee anaona wamefunikwa theluji vichwani, anawapangusa kwa mkono, anawavika zile kofia tano, wa sita anavua kitambaa chake mwenyewe cha kichwani anamfunga. Anafika nyumbani mikono mitupu, anamweleza mkewe, mke anasema umefanya vizuri. Wanalala njaa. Usiku wanasikia kitu kinakokotwa nje, kufungua mlango wanakuta mchele, mochi, samaki, na kwa mbali Jizo sita wanaondoka na kofia zao na kile kitambaa. Basi. Imeisha.

Nikajiambia hii mbona haina kitu. Kwetu hadithi ina paukwa pakawa, ina sungura mjanja, ina wimbo wa kuitikiana, mtu anatukanwa, mtu anakimbizwa. Hii hakuna adui hata mmoja. Nikaamua kuiongezea nyama, na naomba ushike hilo neno kuongezea maana ndo limekula hela zangu na miezi yangu.

Ila kabla ya kuharibu kuna kitu kimoja nilifanya sawa. Nilikuwa sijawahi kukanyaga theluji ya maana, Tokyo inaanguka siku moja mbili inayeyuka. Nikapanda treni za kawaida, zile zinazosimama kila kituo, mpaka Yuzawa mkoa wa Niigata, kwenda na kurudi kama yeni 7,000. Nilitembea na theluji ya magotini saa nzima nikaelewa mambo matatu ambayo video zote nilizoangalia hazikuniambia. Kwanza mtu hatembei, anachomoa mguu kama anautoa kwenye matope ya mikoko, anafikiria kisha anachomoa mwingine. Pili theluji inameza sauti, kijiji kizima kimya kama umezibwa masikio kwa pamba. Tatu mikono inauma vibaya mno, kwa hiyo yule mzee kupangusa vichwa sita vya mawe kwa kiganja kitupu sio jambo dogo hata kidogo. Nilirudi na mafua na daftari limejaa. Kama unatengeneza kitu cha mahali usipopajua, hela ya kwanza itoe kwenye nauli kabla hujanunua kamera.

Niliamua kutumia vikaragosi, ile staili ya kusogeza kidogo unapiga picha, unasogeza tena unapiga. Hesabu yake ni hii: sekunde moja ya sinema ni fremu 24, ila wengi tunashikilia kila picha fremu mbili kwa hiyo unapiga picha 12 kwa sekunde. Filamu yangu dakika nne, sekunde 240, ni picha 2,880. Nilipanga kupata sekunde 5 kwa siku, nikaandika kwenye kalenda siku 48 nikajiona mjanja. Zilikuja kuwa siku 83 na picha zaidi ya 4,000, sababu zake ntakwambia.

Ya kwanza ni kofia zenyewe. Mama yangu anasuka mikeka, na mimi ukili nimeusuka tangu mdogo, nikasema hapa sasa ntawaonyesha. Nikanunua nyuzi za majani duka la yeni mia, nikasuka vikofia vitano vidogo kama kifuniko cha chupa, usiku nne sijalala. Nimevileta darasani wenzangu wanaangaliana, mmoja kwa adabu kabisa akauliza kwani mzee wako anauza kofia za kiangazi? Kumbe zile za kusuka, za duara lenye ukingo, kwao ni za jua, za shambani na ufukweni. Kasa ya theluji imechongoka kama pia iliyopinduliwa, inatengenezwa kwa majani fulani ya majimaji yanayopangwa na kushonwa kwa uzi kwenye fremu ya mianzi, haisukwi. Sensei akanituma Kawasaki kwenye makumbusho ya nyumba za kale ya Nihon Minka-en, wamehamishia pale nyumba za wakulima kutoka mikoa mbalimbali, unavua viatu unaingia ndani kabisa, wazee wanaojitolea wanawasha moto kwenye irori, lile jiko la katikati ya sakafu. Nilikaa pale moshi unaniingia machoni nikakumbuka jiko la bibi. Nikapima kila kitu kwa jicho, urefu wa kizingiti, weusi wa dari kwa masizi, na kofia imetundikwa ukutani. Nikarudi nikashona upya zote. Vile vya kusuka ninavyo bado, siwezi kutupa usiku nne.

Ya pili chumvi. Ndiyo, chumvi. Theluji nilitengeneza kwa chumvi ya mezani, nyeupe, rahisi, inameta kidogo kwenye taa, kwa picha za majaribio ilikuwa nzuri mpaka nikajipongeza. Nikaanza kupiga katikati ya Juni. Juni hadi katikati ya Julai hapa ni tsuyu, msimu wa mvua, hewa yenyewe unaweza kuikamua. Mtoto wa pwani nimekua naona chumvi inavyolia kwenye kopo masika ikifika, sijui akili yangu ilikuwa wapi! Baada ya wiki mbili theluji yangu imegandana mabonge kama uji uliolala, alafu mbaya zaidi vikaragosi vinasimama kwa sumaku ndogo nyayoni juu ya bamba la chuma, chumvi ikala bamba, ikala sumaku, kutu ikatoka kahawia ikapanda kwenye theluji. Mzee wangu anatembea kwenye theluji yenye madoa kama ya chai. Sekunde 31 za filamu zikaenda na maji. Nikahamia kwenye magadi ya kuokea, yale yanauzwa kilo kilo kwa ajili ya usafi, ni laini zaidi, nyayo zinabaki zimechorwa vizuri sana, na bamba nikalipaka rangi kabla. Mtu akikwambia theluji tumia chumvi muulize kwanza anakaa wapi.

Ya tatu iliniliza kabisa, nilikaa chini nikalia. Picha zilikuwa zinapepesa, ukizicheza mwanga unaruka ruka kama taa ya tubu inayotaka kufa. Nikabadilisha taa, nikaziba dirisha na karatasi nyeusi, nikavaa nguo nyeusi maana shati jeupe nalo linarudisha mwanga, bado. Wiki nzima nahangaika. Shida ilikuwa lenzi. Lenzi za kisasa kila ukipiga picha lile tundu la kupitisha mwanga linajifunga kisha linafunguka, na halirudi palepale, linakosea kidogo ambacho kwa picha moja huoni ila picha 12 kwa sekunde unaona. Dawa yake ni lenzi ya zamani unayozungusha tundu kwa mkono, likikaa limekaa. Nilipata moja duka la mitumba, pamoja na ule mviringo wa kuiunganisha na kamera yeni 6,500. Hicho kitu kingeniokolea siku 11 kama kuna mtu angeniambia, ndo maana nakuambia wewe.

Hela sasa, watu wengi hawasemi. Kamera ya mtumba 38,000. Waya za mifupa ya vikaragosi na udongo wa kuganda 11,000, na waya nunua nyingi kwa sababu unakatika ukikunjwa kunjwa, mzee wangu alivunjika goti mara tatu. Taa 9,000, sumaku na chuma 5,200, diski mbili za nje 16,000. Ukiweka lenzi, nauli na vidogo vidogo ni karibu yeni 110,000, wakati huo yeni moja ilikuwa kama shilingi 17, piga mwenyewe. Mwanafunzi wa kigeni hapa akiwa na kibali anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, mimi nilikuwa dukani usiku kwa yeni 1,150 kwa saa. Agosti kodi ilinibana, kuna mtu akaniunganishia kazi ya pili ya kulipwa mkononi isiyoandikwa popote. Nilikaa nayo siku mbili moyoni nikakataa, ukibainika umezidisha saa visa ikifika kuongezwa ndo mwisho wako, filamu utaimalizia uwanja wa ndege. Likizo ndefu za chuo wanaruhusu mpaka saa 8 kwa siku, mi nilikuwa sijui hilo mpaka likizo imebaki wiki moja. Uliza ofisi ya wanafunzi mapema.

Turudi kwenye ile nyama ya kuongezea. Niliandika ugomvi. Mzee anarudi bila hela bila kofia, ati mke aseme umefanya vizuri? Nikawaza mama zetu hapo, sufuria ingeruka. Nikaweka sekunde 40 za mke kununa, anazira, anageukia ukuta, baadae ndo anasamehe. Nilipompelekea sensei storibodi, yani michoro ya filamu nzima picha kwa picha, alikaa nayo kimya, akavuta hewa kwa meno, akasema "chotto muzukashii", yani ni ngumu kidogo. Nikamjibu kwa bidii usijali sensei nitaiweza! Akaitikia kwa kichwa. Nikaipiga Julai nzima karibu, picha 480, vidole vya mke nilivisogeza kimoja kimoja. Septemba dada wa Urashima Taro ndo ananielewesha tukiwa kantini kwamba Mjapani akikwambia ni ngumu kidogo amekukatalia hivyo, tena kwa nguvu zake zote. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamrudia sensei nikamuomba aniambie kama anavyomwambia adui yake. Akasema, na hapo alinyooka kweli, mzee kugawa kofia ni kitendo cha nusu, nusu nyingine ni ya mke. Mzee alishatoa, hana la kurudisha. Anayebaki na nafasi ya kukasirika ni mke, na hakasiriki, sasa wewe umemkasirisha ili iweje. Nikabisha kidogo, kisha nikakaa nikawakumbuka watu wa nyumbani. Baba aliwahi kurudi safari kampa abiria mwenzake nauli, katembea kutoka stendi usiku na mzigo. Mama alimwambia nini? Alimpa maji ya kuoga. Mimi nilikuwepo, nilikuwa na miaka tisa, na bado nikaandika sufuria inaruka. Sekunde 40 nikazifuta. Kwenye filamu sasa mke anamsikiliza, anamkung'uta theluji begani, anasogeza kuni. Sekunde 9.

Kitu kingine ambacho kingenifikisha pabaya ni wimbo. Wale Jizo wanapokokota mzigo usiku niliwawekea wimbo wa kazi, maneno nimeyatoa kwenye kitabu cha picha cha maktaba ya mtaa, nikijua ni hadithi ya kale, haina mwenyewe. Nikamlipa mpaka mwenzangu mmoja auimbe, chakula cha jioni mara mbili. Oktoba tunaangalia pamoja darasa zima linaimba na filamu! Nikafurahi, kumbe wanaimba kwa sababu wamesoma darasa la pili shule ya msingi, masimulizi yale yapo kwenye vitabu vya kiada na yana mwandishi wake. Hadithi yenyewe ni ya wote, lakini maneno aliyoyatunga mtu kuisimulia ni yake, sheria ya Japani inayalinda mpaka miaka 70 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo ukichukua ngano, soma masimulizi yake matatu manne ya mikoa tofauti, kile kinachojirudia kote ndo cha hadithi, kile kinachotokea kwenye kitabu kimoja tu usikiguse mpaka ujue kimetoka wapi. Wimbo nikauondoa.

Msimulizi nilitaka awe mama, kwa Kiswahili, na maandishi ya Kijapani chini. Nikampigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza akakubali kwa shangwe. Rekodi ya kwanza kaituma kama voisi ya WhatsApp, kuku wanne, muadhini na bodaboda, sauti imebanwa kama yuko ndani ya debe. Ikabidi tufundishane: ingia chumbani, funga dirisha, jifunike blanketi wewe na simu, tumia programu ya kurekodi ya simu yenyewe, kisha faili litume kama dokumenti sio kama voisi, hapo halibanwi. Alitoka jasho masikini lakini sauti ilikuja safi, ile sauti yake ya kusimulia saa mbili usiku umeme ukikatika.

Alisoma mpaka mzee anapofika nyumbani, akasimama. Akanipigia. "Mwanangu, hapa mbele masanamu yanaleta chakula." Nikamwambia ndiyo mama ndo hadithi yao. Akasema, "Mie mzee kuwavika kofia ntasema, huruma ni huruma hata kwa jiwe. Lakini sanamu kuleta riziki mdomo wangu hautasema, utanisamehe." Nilijaribu kumzungusha, mama ni ngano tu, mbona tunasimulia sungura anaongea. Akajibu sungura hakuna anayemsujudia. Nikakosa la kusema.

Kwa siku tatu nilitafuta msimulizi mwingine wa Kiswahili hapa Tokyo, sikumpata wa bei yangu. Deadlaini imekaa shingoni. Nikakaa usiku nikaicheza ile sehemu ya mwisho ilivyo, wimbo hakuna, mama hakuna, nimebaki na sauti nilizorekodi mwenyewe, magadi yanayokandamizwa ndani ya soksi ndo nyayo kwenye theluji, na ubao unaoburutwa juu ya zulia. Sekunde 52. Krr, krr, inasogea, inasimama. Kitu kizito kinawekwa chini. Krr, krr, inaondoka. Nikakumbuka Yuzawa, jinsi kulivyokuwa kumezibwa. Sikugusa tena kitu.

Februari 2025 tulionyesha filamu zote kwenye ukumbi wa kukodi. Yangu ilikuwa ya saba. Nilikuwa nyuma kabisa karibu na mlango nijue pa kukimbilia, na ilipofika zile sekunde 52 nilisikia mzee mmoja mgeni ameacha kukohoa. Sensei alipita karibu yangu akitoka akasema "yokatta", imekuwa nzuri, safari hii nilimuuliza dada wa Urashima Taro inamaanisha nini hasa. Inamaanisha hivyohivyo.

Sijaiweka mtandaoni bado kwa sababu kuna matamasha hayapokei filamu iliyokwishawekwa wazi, soma masharti yao kwanza, wengine wameshaumia kwa hilo. Na picha zako zote ziwe diski mbili zinazolala nyumba tofauti, mi moja ilikuwa kwa rafiki, na ile ya kwangu ilikufa wiki moja baada ya maonyesho.

Mama nilimtumia faili, akaangalia na watoto wa jirani. Kesho yake ikaja voisi, kuku wakiwa wamerudi kwa nguvu zote. "Nimeona mwanangu, hongera, wameipenda. Lakini yule mzee wako umemrudisha nyumbani kichwa wazi na baridi lote lile, kitambaa katoa, na hapo ndani nikaona mkewe hamfuniki. Ungempa hata kipande cha kanga." Nikamwambia mama kwa Wajapani hakuna kanga. Akasema, "Si uko wewe."

Kikaragosi kiko juu ya meza yangu hapa, goti lina gundi, kichwani kina kipande cha kanga nilichokata kwenye pindo.